Arobaini ya Maji

Kwa miezi kadhaa, katika miaka ile ya wakimbizi, dari ya sebule yetu kule Ujiji ilikuwa ikitembea. Jua la asubuhi liliingia kwa dirisha la mashariki, likapita ndani ya maji ya tangi langu la samaki, kisha likapanda juu ya mbao za dari na kuanza kuyumba huko polepole, kama nguo nyeupe inayosuuzwa. Nililala chali mkekani nikilitazama mpaka chai inapoa. Mama alinipita na ufagio wake, akasema mwanawe wa miaka thelathini na minne amerudia utoto. Sikumjibu. Nilikuwa chini ya ziwa, na mtu aliye chini ya ziwa ana haki ya kutojibu.

Ziwa lenyewe, lile la Mungu, lilikuwa mwendo mfupi kwa miguu kutoka mlangoni petu, na hilo ndilo lililowachekesha watu. "Ziwa hilo hapo limejaa tele, wewe unalileta ndani lije lifanye nini?" Jirani aliniuliza hivyo kila aliponiona na ndoo, na kila mara nilimjibu vibaya. Sina ulimi mzuri. Nikiwa na njaa nagomba, nikishiba nagomba kwa utaratibu. Marehemu baba alikuwa hivyo hivyo, na mtaa mzima ulishakubaliana kwamba nimerithi hasira zake pamoja na spana zake.

Nilikuwa fundi wa majokofu na pampu. Kibanda changu kilikuwa mtaa wa Mwanga, Kigoma mjini, nyuma ya mafundi cherehani, na siku nzima nilikuwa na kichwa ndani ya mashine ya mtu. Mmoja wa wateja wangu alikuwa mgeni kutoka Ulaya aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kwa ndege. Alikuwa na matangi mengi madogo kwenye banda lake ufukweni, na moja kubwa ofisini. Nilipoliona lile la ofisini mara ya kwanza, nilisahau kwamba nilikuwa nimeitwa kutazama mashine ya hewa. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimekula samaki tangu nilipoota meno, lakini samaki wote niliowajua niliwaona kwa juu, mgongo tu, au wakiwa kwenye sinia. Hapo nikawaona kwa ubavu, wakiwa hai, wakiwa na shughuli zao. Mmoja alikuwa na nundu kichwani na mistari ya bluu iliyoiva, akaja taratibu mpaka kwenye kioo akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Vita vya ng'ambo ya ziwa vilipopamba moto, yule mgeni aliamua kuondoka na akauza kila kitu. Nikanunua tangi lile kubwa. Lilikuwa refu kuliko mtu mzima aliyelala, kioo kinene, fremu ya chuma iliyoanza kuota kutu kwenye pembe. Rafiki yangu mwenye gari la mizigo alilifikisha mpaka barabara kuu ya Ujiji, lakini vichochoro vya kwetu havipitishi gari. Tukalifunika shuka jeupe lisichubuke, tukalibeba mabegani, watu wanne.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Miaka ile mazishi yalikuwa mengi, na kwetu jeneza likipita mwanamume hakai; anainuka, anatia bega hatua kadhaa, apate thawabu. Hatukufika mbali, akainuka mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao, akatia bega. Kisha vijana wawili. Kisha muuza kahawa akaweka dele lake chini. Nilijaribu kusema, lakini walikuwa wameshaanza kunong'ona dua, na mimi nikaona haya kuwakatiza. Mabega yalipokezana, mwendo ukawa wa heshima, wanawake wakanyamaza kwenye vibaraza, na tangi langu likapita Ujiji kimya kimya kama sultani. Tulipofika nyumbani nilikuwa na wabebaji kumi na wawili. Nilipoondoa shuka, yule mzee wa bao alikitazama kioo, akanitazama mimi, akasema, "Thawabu ni thawabu," akarudi kucheza.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa aibu. Tangi lilivuja kwenye pembe, nikaliziba kwa gundi ya kioo. Likavuja tena, nikaliziba nikiwa nimekasirika, na, ajabu, ile gundi ya hasira ndiyo iliyoshika. Nikalijaza maji ya ziwa kwa ndoo, nikatia samaki, nikafunga pampu yangu mwenyewe izungushe maji. Baada ya siku tano maji yakawa kijani, siku ya nane yakanuka mtaro, na samaki wakafa mmoja mmoja bila kunieleza sababu. Pampu ilikuwa nzima. Waya zilikuwa nzima. Nilifungua kila kitu nikafunga tena, kana kwamba ugonjwa wa maji upo kwenye skrubu.

Ni wakati huo mama alipomleta yule mtu.

Mashua zilikuwa zikija kila siku kutoka ng'ambo, zimejaa mpaka maji yanagusa ukingo. Mama alikuwa akienda ufukweni na wanawake wenzake kupeleka uji. Siku moja alirudi na mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mrefu, mwenye mfuko mmoja wa plastiki. Mama alisema alimsikia akiomba maji, na alivyoomba ndivyo bibi yake yeye mama alivyokuwa akiomba, neno kwa neno. Sisi asili yetu ni ng'ambo. Mababu walikuja Ujiji na misafara ya zamani, wakabaki. Kwa mama hilo lilitosha. Alimtandikia mkeka sebuleni, kando ya tangi, na mimi nikatazama pembeni.

Amri ya serikali ilikuwa wazi: mkimbizi anakaa kambini. Kambi zilikuwa mbali na ziwa, ndani kabisa, malori yalipitia Mwandiga yakapotelea vumbini. Lakini Ujiji nani si jamaa wa nani? Mwenyekiti wa mtaa wetu alipita kila wiki, akasimama kibarazani, akauliza, "Na huyu ni nani wenu?" Mimi ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo mimi ndiye niliyejibu: "Mjomba." Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Neno moja tu, na yule mtu akalala wiki nyingine karibu na maji.

Kwa nini alitaka kukaa karibu na maji, alitueleza siku ya pili. Mke wake alipanda mashua nyingine. Walisukumwa kwenye msongamano, yeye huku, mkewe kule, na ile mashua ya pili hakuiona ikifika. Kwa hiyo kila alfajiri baada ya swala alikwenda ufukweni kuwauliza waliofika. Alirudi jua likiwa limepanda, akanawa miguu, akakaa. Hatukumwuliza. Uso wake ulitosha.

Siku ya tatu alikaa mbele ya tangi langu lililonuka, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno mengi zaidi ya salamu kwa mara ya kwanza.

"Fundi, hii maji iko mutoto. Wewe unaiharakisha, yenyewe inakufa."

Nilimwambia pampu yangu ni nzima.

"Pampu iko muzuri sana," alisema. "Lakini pampu ni moyo tu. Tumbo iko wapi?"

Kumbe alikuwa amefanya kazi ya kupiga mbizi miaka ishirini kwa mfanyabiashara wa samaki wa mapambo upande wa kaskazini wa ziwa. Aliwajua samaki kwa majabali wanayoishi, kama sisi tunavyojua watu kwa mitaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alijipa jembe mwenyewe. Alitaka pipa la plastiki, nikampa lile la bluu. Tukalipandisha kwenye kichanja cha mbao kando ya tangi, juu kuliko tangi, tukalitoboa chini na kulitia bomba. Pampu ingesukuma maji kwenda juu pipani, na maji yangeshuka yenyewe taratibu, yakipita tabaka kwa tabaka, mpaka yarudi kwa samaki. Umeme wa Kigoma ukikatika, na ulikatika utakavyo, tungechota kwa kopo na kumimina pipani kwa mikono.

Tabaka ndizo zilizonifundisha kunyamaza. Juu kabisa aliweka sponji ya godoro kuukuu. Chini yake mchanga wa ufukweni. Nilikuwa nimeagiza mchanga kutoka Ilagala, akauchukua kiganjani akaurudisha, akasema umejaa tope la mto, samaki wa majabali hawapendi tope la mto. Chini ya mchanga akaweka makombe ya konokono wa ziwani. Na chini kabisa, kitu kilichomfurahisha mama kuliko vyote: vigae vya vyungu vilivyovunjika. Mama hakuwahi kutupa chungu maishani mwake. Alivitoa vyote uvunguni, na wakavivunja pamoja kwenye kibaraza, yeye na yule mtu, wakiongea kile Kiswahili cha bibi wa mama. Yule mtu alisema kigae kina vitundu visivyoonekana, na humo ndimo wanamoishi wadudu wadogo mno wanaokula uchafu wa samaki. Wadudu hao hawanunuliwi. Wanakuja wenyewe, polepole, ukiwaacha.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Makumi ine."

Arobaini! Mama alipiga makofi. Alikuwa amewakanda wazazi wa mtaa mzima, mwanamke akijifungua mama ndiye aliyeitwa, na sasa alielewa jambo lote kuliko mimi fundi. Maji yamejifungua. Mzazi hatolewi nje mapema, haogeshwi ovyo, wageni hawazidi, na kelele hazitakiwi. Tangu siku hiyo alipita mbele ya tangi kwa unyayo mwepesi. Aliniwekea sheria: redio chini, viatu nje, na nisiigombeze pampu.

Nikiikumbuka miezi ile naikumbuka kama ndoto ya mchana, ile unayosikia vyombo vikigongana jikoni huku umelala. Nje kulikuwa na malori, maturubai ya bluu, vilio vya watoto kwenye viwanja, habari za redio ambazo kila mtu alizisikiliza kwa uso mmoja. Ndani kulikuwa na mlio wa maji yakianguka kutoka pipani, tone, tone, kisha mkondo. Samaki wawili wagumu aliowatia kwanza, ili wadudu wapate chakula, walizunguka katika ukungu mweupe wa maji machanga. Umeme ukikatika tulikaa watatu kwenye viti, kila mtu na kopo lake, tukichota na kumimina kwa zamu, na hakuna aliyesema neno mpaka umeme urudi. Nilikuwa na raha. Sikujua kwamba ile ndiyo raha. Nilidhani ninasubiri samaki.

Siku moja tu, mkono wangu ukiwa pipani, niliona sponji imechafuka nikataka kuikosha bombani. Alinishika kifundo cha mkono. "Maji ya bomba itaua hao wadogo. Ioshe na maji yake yenyewe." Nilikasirika kushikwa, lakini nikatii. Naandika hilo ili ijulikane kwamba niliwahi kumtii.

Arobaini ilipotimia maji yalikuwa yamebadilika. Sijui niseme vipi. Hayakuwa meupe wala kijani, yalikuwa hayapo. Ungeweza kudhani samaki wanaelea hewani. Yule mtu alikwenda kwenye majabali na mvuvi mmoja, akarudi na samaki kumi na mmoja kwenye ndoo iliyofunikwa majani: wa manjano wenye mistari, wadogo wa rangi ya shaba, na yule mmoja wa nundu na bluu. Akawaingiza mmoja mmoja, akiwatia maji mapya kijiko kwa kijiko wazoee kwanza. Mama alipiga kigelegele cha chini, cha kutomwamsha mtoto.

Nilialika watu. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, maana sikualika kwa ukarimu, nilialika niwakomeshe. Nilimwita jirani wa "ziwa hilo hapo". Niliwaita mafundi wenzangu wa Mwanga, yule mzee wa bao na mwenyekiti wa mtaa. Ijumaa, baada ya swala, waje kunywa kahawa na kutazama.

Wiki hiyo kipindupindu kilikuwa kimerudi. Mabwana afya walipita nyumba kwa nyumba wakigawa dawa ya maji, wakisema maji yoyote yaliyotoka ziwani yasiguswe bila dawa. Alhamisi alikufa mama mmoja mtaa wa pili. Ijumaa asubuhi yule mtu aliongeza jagi moja la maji mapya kwenye tangi, kama ilivyokuwa kawaida yake, kisha tukaenda msikitini pamoja. Mama alibaki.

Tulirudi kama watu kumi na wanne. Nilitangulia mimi, nikafungua mlango wa sebule kwa mikono miwili.

Samaki wote walikuwa juu ya maji, matumbo yamegeuka. Wa nundu alikuwa bado anafungua mdomo, akafunga, akafungua, kisha akaacha. Maji yalikuwa safi kuliko siku zote, na dari ilikuwa ikitembea vilevile.

Nyuma yangu jirani alicheka kidogo. Hakuwa na nia mbaya, alicheka vile mtu anavyocheka asipojua afanye nini. Lakini nilikisikia kile kicheko mpaka kwenye mifupa, na nikamgeukia si yeye, nikamgeukia mgeni wangu.

"Umetia nini asubuhi? Miaka ishirini ya kazi, kazi gani? Mmezoea kuua huko kwenu, sasa mmekuja kutuulia huku!"

Nilisema hivyo. Nilisema "mmezoea", kwa wingi. Watu kumi na wanne walisikia.

Yule mtu alisogea kwenye tangi, akachovya kidole, akakinusa. Akatazama upande wa jikoni, ambako mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Kisha akakifuta kidole kwenye kanzu yake, akainamisha kichwa.

Mwenyekiti alikohoa. Nadhani alitaka kutuliza mambo, au labda alikuwa tu mtu wa kazi yake na ilikuwa Ijumaa. Akauliza kama alivyouliza kila wiki, "Na huyu ni nani wenu hasa?"

Mdomo wangu ulikuwa umezoea lile neno. Ilikuwa ni kulisema tu.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Maji yalikuwa yakianguka kutoka pipani. Yule mtu aliinua kichwa, akamtazama mwenyekiti kwa adabu. "Mimi ni mugeni," alisema. "Nitaenda kambini."

Aliondoka kesho yake na lori. Mama alimfungia mikate ya kumimina kwenye kitambaa. Mimi sikutoka chumbani. Nilikuwa nimeacha kukasirika tangu usiku, lakini sikujua namna ya kutoka. Alikuja akasimama nje ya pazia la mlango wangu.

"Fundi. Mwaga maji yote. Vigae usitupe, anika juani mpaka harufu iishe kabisa. Kisha muanze arobaini nyingine. Itakubali."

Sikumuuliza harufu gani. Miaka ile kila kitu cha Ujiji kilinuka dawa ya maji: vikombe, mikono, chai, hata mchele. Pua zetu zilikuwa zimeacha kuisikia. Nyuma ya pazia nilisikia hatua zake zikipita sebuleni, zikasimama kidogo mahali penye tangi, zikaendelea.

Nilianika vigae. Niliosha kioo, nikalijaza tangi upya, nikatia samaki wawili wagumu, nikahesabu. Mama alinisaidia. Alianza tabia ya kutoka alfajiri na kurudi jua limepanda, akisema ameenda kutafuta dagaa, na mara nyingi alirudi bila dagaa. Jua liliingia kwa dirisha la mashariki, dari ikatembea, nami nililala chini yake kwa mazoea, kama mtu anayeendelea kukaa kwenye sherehe baada ya wenyewe kuondoka.

Arobaini ya pili ikatimia. Nilimtafuta yule mvuvi, nikaleta samaki tisa, nikawaingiza kwa kijiko kama nilivyoonyeshwa. Wiki ikapita. Wiki mbili. Waliishi, wakaanza kugombania mawe, wawili wakachimba shimo mchangani na kulilinda. Siku hiyo mama alikuwa ananipakulia wali, nami nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi:

"Unaona, mama? Alipoondoka tu yule, samaki wakaishi."

Mama aliweka upawa chini.

"Nilitia dawa mimi," alisema.

Sikuelewa.

"Ile dawa ya mabwana afya. Siku ile mko msikitini. Yule mama wa mtaa wa pili amekufa jana yake, na maji yale ni ya ziwani, na sisi mikono yetu imo humo kila siku. Nikaona sisi tumetiwa dawa, wale je? Viumbe wa Mungu wamefungwa mle, hawawezi hata kukimbia. Nikatia vifuniko viwili. Nilidhani nawakinga." Alikuwa anaongea na sahani, si na mimi. "Yeye alijua. Alinusa tu akajua. Usiku nikamfuata nikamwambia, nitamweleza mwanangu. Akakataa. Akasema, 'Mama, mimi ni mugeni, leo ama kesho nitaondoka. Wewe utabaki naye hapa.'"

Wali ulikuwa unatoa mvuke kati yetu. Nakumbuka nilitaka kusema mambo mengi, na nakumbuka kwamba mama, alipoona nimefungua mdomo, alirudisha mkono wake nyuma kutoka mezani.

"Ufukweni nimekuwa nikienda mimi," aliongeza haraka. "Kumuulizia mke wake. Hajafika."

Asubuhi yake nilifunga kibanda. Nilikwenda Mwandiga, nikapata gari la kwenda kambini, nikazungushwa siku mbili kutafuta kibali cha kuingia. Kambi ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri, mistari na mistari ya nyumba za udongo na turubai, moshi wa maelfu ya majiko, na hakuna mahali popote ambapo ungeona maji yaliyosimama ila kwenye madumu. Niliuliza mstari kwa mstari: mtu mrefu, mwembamba, aliyekuwa akipiga mbizi. Karani mmoja alinitafutia kwenye daftari. Alikuwepo, alisema. Alikaa wiki sita, akijaribu kila mara kuomba ruhusa ya kwenda ziwani kutazama mashua, akanyimwa. Kisha siku moja hakuitika kwenye mgao wa unga. Wenzake walisema ametembea kwa miguu kurudi ziwani, ili avuke kurudi ng'ambo akamtafute mkewe huko huko. Nilimuuliza karani kama ng'ambo kulikuwa kumetulia. Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali na mtoto.

Sikumpata wakati ule na sikumpata baadaye. Niliuliza kwa wavuvi, kwa wafanyabiashara wa mawese, kwa kila aliyevuka, miaka mingi. Najua alivyonusa kidole kile. Najua alivyotazama jikoni. Mtu aliyepoteza kila alichokuwa nacho alikuwa amebakiwa na neno moja tu la kumwokoa, "mjomba", na nililishika mimi, nikaliacha lianguke mbele ya watu kwa ajili ya samaki.

Nilirudi Ujiji saa za alasiri, vumbi limenijaa mpaka kope. Sebule ilikuwa baridi na tulivu, pampu inanguruma kwa chini, samaki wanashughulika. Nilikaa sakafuni nikaegemea kichanja cha pipa, nikajifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kunitikisika yenyewe. Nilikuwa nalia. Mara ya mwisho nilikuwa nimelia nikiwa mtoto, na nadhani sikuwa najua tena namna ya kulia kwa sauti inayoeleweka.

Nilisikia kandambili za mama zikija kutoka uani, kisha zikasimama. Nilisubiri mkono wake kichwani. Haukuja. Nilipoondoa mikono usoni nilimwona amesimama mbali, palepale kwenye mlango wa jikoni, ameshika fremu, mguu mmoja tayari uko nje.

"Mwanangu," aliniuliza kwa sauti ndogo, "bado umekasirika?"